Jinsi ya kuonja vinywaji kwenye baa za meli ya kruzi bila kulewa ovyo wala kumaliza hela: mwongozo kamili

Meli kubwa ya kruzi ina baa kumi na kitu, zingine zinakaribia ishirini, na watu wengi wanaimaliza wiki nzima kwenye moja tu, ile ya kando ya bwawa, kwa vile ndiyo waliyoiona kwanza wakiwa na njaa na mizigo mkononi. Wanakunywa kitu kilekile chenye barafu na rangi ya pinki asubuhi hadi jioni, halafu wakirudi nyumbani wanasema vinywaji vya kwenye meli ni sukari tupu. Sio kweli jamani. Kwenye meli hiyohiyo kuna mtu anayekamua ndimu kwa mkono na kuponda nanaa pale mbele yako, ila yuko deki nyingine, yaani ghorofa nyingine ya meli, na hukumfikia.

Mwongozo huu ni wa ndugu zetu walioko Marekani, Kanada, Uingereza na kwingineko wanaopanga safari na familia au na washkaji, na hata kwa wale wanaotoka nyumbani kuja kupandia Florida. Nitatumia zaidi mfano wa Harmony of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, meli iliyoanza kazi 2016, urefu mita 362, inabeba abiria zaidi ya 5,000, kwa sababu baa zake zimetofautiana sana na dada zake wa kundi la Oasis wamejengwa kwa ramani inayofanana. Kampuni zingine nitazigusa pale zenye kitu cha pekee. Na kama hunywi pombe usiondoke, kuna sehemu yako kubwa tu huko chini.

Msimamo wangu nausema mapema: kila baa kwenye meli ina kitu kimoja au viwili inavyovijua, nenda kaombe hicho, kunywa taratibu, hamia kwingine. Anayetaka kuonja hapangi safari yake kama anayetaka kulewa, na hata hesabu zao za hela ni tofauti.

Kabla ya kupanda: paketi au kulipa kimoja kimoja?

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kampuni karibu zote zinauza paketi ya vinywaji kwa siku. Unalipa kiasi fulani kila siku ya safari, unakunywa bila kulipia glasi moja moja. Inasikika tamu. Ila soma masharti yake. Kwanza, kwenye Royal Caribbean mtu mzima mmoja akinunua paketi ya pombe, watu wazima wote wa kabini ile wanatakiwa wanunue, na Carnival nao wana utaratibu wa namna hiyo. Kwa hiyo kama mke wako hanywi kabisa hiyo sheria inakugusa moja kwa moja, ingawa mara nyingine ukiwapigia simu na kueleza wanaruhusu yule asiyekunywa achukue paketi ya soda na juisi tu. Pili, bei unayoiona haina bakshishi, inaongezwa asilimia 18 au 20 kutegemea kampuni. Tatu, paketi ina kikomo cha bei ya glasi, Royal Caribbean wameweka dola 14, ukiagiza kinywaji cha dola 18 unalipa ile 4 ya juu pamoja na bakshishi yake. Nne, Carnival wana kikomo cha idadi, vinywaji 15 vya pombe ndani ya saa 24, na kiukweli ukifika huko shida yako sio paketi tena.

Tuchukue mfano. Tuseme paketi ni dola 80 kwa siku (bei inabadilika kwa meli na msimu, mimi nachukua hii kwa ajili ya hesabu). Weka asilimia 18 inakuwa 94.40. Safari ya usiku 7 ni 660.80 kwa mtu mmoja, wawili ni 1,321.60. Sasa kokteli ya dola 14 pamoja na bakshishi ni 16.52, ina maana ili paketi irudishe hela yake inabidi unywe kokteli sita kila siku, kila siku, pamoja na siku ile ambayo mmeshuka bandarini kuanzia asubuhi hadi jioni. Ukiwa mtu wa bia ya dola 8 unahitaji bia kumi. Ndiyo, paketi inaingiza pia maji ya chupa, soda, juisi na kahawa nzuri, kwa hiyo anayekunywa kahawa mbili za maziwa kila asubuhi na maji ya chupa mchana kutwa ahesabu na hizo, lakini bado.

Na kuna jambo la tano ambalo kwa mtu wa kuonja ndilo kubwa kuliko yote: ukiwa na paketi hairuhusiwi kugawana. Glasi ni ya mwenye paketi. Wakikukamata unampasia mwenzako kila mara wanaweza kukufutia paketi bila kurudisha hela. Wakati kuonja kwenyewe ni kugawana! Watu wawili wanaolipa kimoja kimoja wanaweza kuagiza kokteli moja, kila mtu akapiga nusu, wakasogea baa ya pili wakafanya hivyohivyo, wakamaliza jioni wameonja vitu vinne na kila mmoja amekunywa viwili tu. Hapo mmetumia kama dola 66 wawili nyinyi, wakati paketi ingewala karibu 189.

Kwa hiyo ushauri wangu: mtu wa kuonja alipe kimoja kimoja. Paketi mwachie yule anayejua kabisa anakunywa sita kila siku, au ambaye akili yake haitulii akiona bili inapanda. Na kama umeamua paketi basi inunue kwenye mtandao kabla ya safari, mara nyingi ni nafuu kuliko ukiinunulia ndani ya meli.

Vitu vya bure usivisahau. Maji, chai, kahawa ya kawaida, juisi ya ndimu na chai ya barafu vipo kwenye mgahawa wa kujihudumia bila malipo. Na kampuni nyingi zinakuruhusu siku ya kupanda uingie na chupa moja ya waini ya ml 750 kwa mtu mzima, ibebe kwenye begi la mkononi sio kwenye sanduku utakalowapa wapagazi. Ukitaka kuinywea kwenye mgahawa wao kuna ada ya kufungua kizibo, ukinywea kwenye kabini yako hakuna.

Umri nao uangalie. Safari zinazoanzia Marekani ni miaka 21, zinazoanzia Ulaya kwa kawaida 18. Kijana wako wa miaka 19 aliyekuwa anakunywa bia yake Barcelona mwaka jana, Miami hatapewa.

Siku ya kwanza: tembea, usinywe

Najua unatamani. Lakini siku ya kwanza baa za bwawani zimejaa, foleni ndefu, bartenda anapiga kazi kama mtu wa kiwandani na kila kitu kinatoka kwenye mashine ya barafu. Tena kwenye baadhi ya bandari za Marekani meli ikiwa bado imefungwa gatini vinywaji vinatozwa na kodi ya jimbo juu yake, ikishaingia bahari kuu hiyo kodi haipo. Subiri.

Tumia mchana huo kuzunguka. Fungua programu ya meli kwenye simu, tafuta orodha ya baa na saa zake za kufungua, halafu zipitie kwa miguu uangalie vitu vitatu: je kuna ndimu halisi na majani ya nanaa pale kaunta au chupa za plastiki tu? je kuna viti vya kaunta unavyoweza kukaa ukaongea na bartenda? na menyu ya pale ni tofauti na ya baa uliyotoka? Kwenye meli nyingi kuna menyu moja inayozunguka karibu baa zote, halafu kuna baa chache zenye menyu yao wenyewe. Hizo chache ndizo unazozitafuta.

Kama mwili wako haujazoea bahari, kumbuka baa za deki za chini katikati ya meli zinayumba kidogo kuliko zile za juu kabisa au za mbele. Na kama umemeza dawa ya kichefuchefu cha bahari au umebandika ile plasta ya nyuma ya sikio, usichanganye na pombe kabisa. Zile dawa zinaleta usingizi zenyewe, ukiongeza pombe unazima mapema na unaweza kupata madhara makubwa. Chagua kimoja.

Kipimo chako

Kabla hatujaanza kuzunguka, shika hesabu hii. Kwa vipimo vya Marekani kinywaji kimoja ni bia ya ml 355 yenye asilimia 5, au waini ml 150 yenye asilimia 12, au pombe kali ml 44 yenye asilimia 40. Zote hizo zina pombe ileile, gramu 14 hivi, na ini la mtu mzima linahitaji kama saa moja kuisafisha moja. Kokteli zinadanganya hapa. Mojito ya kawaida (ramu, ndimu na nanaa) ni kipimo kimoja, Negroni ina jin, Campari (pombe nyekundu chungu) na vermuti (waini iliyotiwa viungo) kwa vipimo sawa kwa hiyo inazidi kimoja, na ile Long Island Iced Tea yenye vodka, jin, ramu, tekila na likya (pombe tamu yenye ladha) ya machungwa inaweza kuwa viwili hata vitatu ndani ya glasi moja inayofanana na chai. Hiyo haifai kwenye jioni ya kuonja, itakufungia mlango wa baa zingine zote.

Panga kuonja baa mbili au tatu kwa siku, basi. Glasi ya maji kati ya kila baa, na chakula tumboni kabla. Mpangilio wa ulimi ni kutoka nyepesi kwenda nzito, kavu kwenda tamu, waini nyeupe kabla ya nyekundu, na wiski mwisho kabisa kwa sababu ikishapita ulimi hausikii kitu kingine.

Mzunguko wenyewe, baa kwa baa

*Baa za bwawani (mchana).* Hapa omba vitu vya barafu ya kusagwa maana mashine wanazo na ndiyo kazi yao. Piña colada ndiyo mfalme, asili yake Puerto Rico na 1978 kisiwa kile kiliitangaza rasmi kuwa kinywaji chake cha taifa: ramu, nanasi, krimu ya nazi. Kwa sisi tuliokulia na nazi hii ndiyo inaingia haraka kuliko zote, na ndiyo yenye hatari maana huisikii pombe kabisa juani. Kuna Miami Vice, nusu piña colada nusu daikiri (ramu, ndimu na sukari) ya strobeli, moja ya kugawana wawili inatosha. Wakikuuliza kama unataka ramu ya juu, ule mmwagiko wa ziada, kataa mpaka uonje kwanza. Na sema wazi hutaki ile glasi ya ukumbusho ya plastiki, inaongeza bei na utaishia kuiacha kabini.

Usiombe mojito bwawani saa saba mchana. Nanaa inahitaji mtu wa kuiponda na muda wa kuiponda, na pale wakiwa na foleni ya watu thelathini mara nyingi utapata ya sharubati ya chupa.

Ukiwa Carnival hali inabadilika kidogo, meli zao nyingi zina baa mbili zinazotazamana pale bwawani, RedFrog ya ramu na BlueIguana ya tekila. Hapo margarita ya BlueIguana naitetea. Na meli yao Carnival Vista ya 2016 iliingia na kiwanda kidogo cha bia ndani yake, kwa hiyo unakunywa bia iliyopikwa humohumo melini.

*Boleros (jioni mapema).* Tukirudi Harmony, hii ndiyo baa ya mojito. Ni baa ya Kilatini, baadaye usiku kuna bendi na watu wanacheza salsa, ila wewe nenda mapema kabla ya bendi, saa kumi na moja hivi, kaa kaunta. Omba mojito ya kawaida kwanza, isiyo na embe wala pasheni, uone mkono wa bartenda. Mojito nzuri majani ya nanaa yamepondwa kidogo tu hayajasagika, ukipiga funda unasikia ndimu kwanza halafu nanaa halafu ndo ramu inakuja nyuma polepole. Ikiwa sawa, safari ya pili omba kaipirinya, ya Kibrazili, ndimu na sukari na kachasa ambayo ni pombe ya miwa.

Na hapa nina kitu cha watu wa kwetu. Ukishaona bartenda anajua kuponda ndimu, mwombe akutengenezee dawa. Dawa ile ya Nairobi, iliyopata jina kwenye mgahawa wa Carnivore, ni ndugu wa kaipirinya: vodka, ndimu iliyopondwa, asali na barafu. Vitu vyote hivyo anavyo au anaweza kuvipata, asali mwambie akaichukue kwenye upande wa chai. Mweleze taratibu, asali nzito aiweke kwenye kijiti au aiyeyushe kwanza na maji ya moto kidogo maana kwenye barafu inaganda. Bartenda wengi wa meli wametoka nchi mbalimbali na wanapenda kufundishwa kitu kipya wakiwa hawana presha, na ukirudi kesho yake atakukumbuka.

*Schooner Bar.* Hii iko kwenye meli karibu zote za Royal Caribbean, imepambwa kibaharia, kamba na matanga, na usiku kuna mpiga kinanda. Kwangu ndiyo baa bora ya kokteli kwenye meli hizi na watu wanaipita tu wakienda kula. Kuna Lavender Daiquiri ambayo wateja wa siku nyingi wanaifuata hapahapa, na kama hujawahi kunywa Old Fashioned hapa ndo pa kuanzia: wiski ya Kimarekani ya bourbon, sukari, matone machungu ya Angostura, ganda la chungwa. Mwangalie anavyokamua lile ganda juu ya glasi, yale mafuta yanayoruka ndiyo nusu ya ladha. Inyweni wawili, polepole, barafu ikiyeyuka inabadilika na funda la mwisho sio kama la kwanza.

*Vintages na Trellis, kwenye Central Park.* Deki ya 8 katikati ya Harmony kuna bustani ya wazi yenye mimea hai zaidi ya 10,000, na jioni ni kimya kuliko sehemu yoyote ile ya meli. Vintages ni baa ya waini. Uliza kama wana seti ya kuonja, glasi ndogo tatu za waini tofauti kwa bei moja, ndiyo njia bora kabisa ya kutumia hela yako humu ndani. Hata bila seti, mwambie mhudumu unachopenda kwa maneno yako ya kawaida, chachu au tamu, nzito au nyepesi, usione aibu kwamba hujui majina ya zabibu. Weka kidogo mdomoni, izungushe, vuta hewa, meza. Trellis iko hatua chache kutoka pale, ni kaunta ya wazi, nzuri kwa Aperol Spritz kabla ya chakula: chungu kidogo, ya kuamsha tumbo.

*Rising Tide.* Baa hii ni jukwaa zima linalopanda na kushuka kati ya deki ya 5 na ya 8, taratibu kabisa, ilianza na Oasis of the Seas 2009. Vinywaji vyake ni vya kawaida, siwezi kusema uongo, unakuja kwa ajili ya safari. Panda ukiwa chini, agiza kitu chepesi, shuka juu kwenye bustani uende Vintages. Kwa hiyo ingawa nimeiandika baada ya Vintages, kwenye mzunguko wako ipange kabla yake.

*Bionic Bar.* Mikono miwili ya roboti, kazi ya kampuni ya Kiitaliano ya Makr Shakr, kwa mara ya kwanza baharini ilikuwa Quantum of the Seas 2014. Unaagiza kwenye tableti, unaona jina lako kwenye skrini, mkono unapanda kwenye chupa zilizoning'inia darini. Watoto wanapenda kuiangalia na mimi pia. Ila roboti haionji, haijui kwamba ndimu za leo ni chachu kuliko za jana, kwa hiyo chagua kitu rahisi cha pombe moja na kichanganyio kimoja. Mara moja inatosha.

*Pabu ya Kiingereza.* Kwenye Harmony inaitwa Boot & Bonnet, kwenye Oasis ni Globe & Atlas, jina linabadilika kwa meli ila kitu ni kilekile: bia za bomba na mtu mwenye gitaa. Hapa kuonja ni rahisi sana, mwambie bartenda hujui uchukue ipi na mara nyingi atakumiminia funda kwenye kiglasi bure. Ukizoea Safari, Tusker au Primus, anza na lager halafu panda kidogo kwenda ale, Guinness mwisho.

Kampuni zingine kwa haraka: Carnival wana Alchemy Bar, bartenda wamevaa makoti meupe kama wafamasia na menyu imeandikwa kama cheti cha dawa, pale unaweza kumwambia tu ladha unayotaka akabuni, hiyo baa usiikose. Celebrity wana Martini Bar yenye kaunta iliyogandishwa barafu juu na bartenda wanaorusha chupa, uliza ile seti ya martini ndogondogo. Norwegian Epic ya 2010 iliingia na baa ya barafu tupu, ulikuwa unavalishwa koti, baridi chini ya sifuri, ilikuwa ya picha zaidi kuliko ladha.

Kwa wasiokunywa pombe

Nusu ya raha ya baa ni mtu anayekutengenezea kitu mbele yako, na hiyo unaipata bila pombe. Kaa kaunta ileile ya Schooner au Alchemy, sema mapema kabisa kwamba hutaki pombe hata tone na mwache abuni. Tangawizi, ndimu, nanaa na maji ya gesi ni mchanganyiko usiokosea. Piña colada bila ramu ni nzuri kuliko ile yenye ramu, nasimama hapo.

Kwa Waislamu na yeyote asiyetaka pombe kabisa, angalia mambo mawili ambayo hata bartenda wazuri wanayasahau. Matone ya Angostura yana pombe asilimia 44.7, na wengi wanayatia kwenye mokteli (kokteli isiyo na pombe) kwa mazoea, kwa hiyo sema bila matone machungu ya aina yoyote. Pili, bia zinazoitwa hazina pombe zinaweza kuwa na hadi asilimia 0.5, tafuta zilizoandikwa 0.0. Omba pia aoshe ile shekaa, chombo cha kutikisia kokteli, kwanza, sio usumbufu, ni kazi yake na atafanya. Paketi ya vinywaji visivyo na pombe ipo na bei yake ni ndogo kuliko ya pombe, ila kahawa ya Starbucks kwenye meli zinazokuwa nayo kwa kawaida haimo, chukua ya Cafe Promenade, mkahawa wa melini.

Siku za bandarini

Mkishuka, onja cha palepale badala ya kile ulichokiacha melini. San Juan ni piña colada kwao, Cozumel ni tekila (omba ya agave asilimia 100, unywe taratibu bila chumvi wala ndimu), Jamaika ni ramu ya Appleton na bia ya Red Stripe, Bahamas ni bia ya Kalik, St. Maarten kuna likya ya guavaberry. Paketi yako haifanyi kazi huko, isipokuwa sehemu za kampuni yenyewe kama CocoCay ya Royal Caribbean ambako inafanya. Acha nafasi ya kutembea hadi melini ukiwa na akili zako maana meli haisubiri mtu, saa ya kupanda ikipita inaondoka.

Jua la Karibi linakausha mwili na pombe inakausha mwili, kwa pamoja usiku hangova yake ni ya kipekee. Maji mengi. Na usiingie kwenye yale mabeseni ya maji moto ukiwa umeshakunywa, wala usikae juu ya ukingo wa balkoni kwa ajili ya picha, hapo simwambii mtu mara mbili.

Bakshishi na heshima ya kaunta

Ile asilimia 18 au 20 imeshaingia kwenye kila glasi, huna deni. Lakini bartenda akikutunza vizuri, dola moja moja au noti ya tano siku ya pili inabadilisha kila kitu, na watu hawa wanakaa miezi mbali na watoto wao wakifanya kazi karibu kila siku. Wasome majina kwenye beji zao, wasalimie kabla ya kuagiza. Kuna Wakenya wanaofanya kazi kwenye meli hizi, ukisikia lafudhi ya nyumbani salimia kwa Kiswahili uone uso unavyofunguka, ila usimwombe akupe bure, utamharibia kazi. Na bartenda akikwambia umefika, umefika. Ana haki ya kukatalia na hiyo haki inakulinda wewe.

Usiku wa mwisho

Fungua bili yako kwenye programu ya simu kila siku mbili, usingoje mwisho. Hela taslimu hazitumiki baa, kila kitu kinaingia kwenye kadi ya kabini, na makosa ya kuchajiwa mara mbili yanatokea. Ukiona kosa nenda dawati la wageni mchana meli ikiwa bandarini, kipindi hicho hakuna mtu, ukingoja asubuhi ya kushuka utasimama foleni na mabegi.

Zile chupa za ramu na tekila ulizonunua bandarini walizichukua mlangoni ulipopanda, watakuletea kabini usiku wa mwisho au utaenda kuzichukua sehemu watakayotangaza. Ukiingia Marekani posho ya kawaida bila ushuru ni lita moja kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea, zaidi ya hapo tangaza kwa ofisa. Na kama unaunganisha ndege siku hiyohiyo, chupa zinaingia kwenye sanduku la kupakia, sio begi la mkononi, maana juu ya ml 100 watazibakiza uwanjani. Zifunge kwenye jinzi, sio fulana, katikati ya sanduku, kizibo kimezungushwa plasta, na nguo nyeupe ziweke sanduku lingine.